Matundu ya Nyuma ya Amplifaya

Chomoa waya wa RCA kwenye amplifaya iliyowashwa, sauti ikiwa imepandishwa kidogo, na spika itanguruma mpaka vikombe vya kabatini vitetemeke. Rudisha waya, itanguruma tena kabla ya kutulia. Fundi yeyote wa redio ameusikia mngurumo huo mara nyingi kiasi kwamba hajiulizi tena unatoka wapi. Unatoka Camden, jimbo la New Jersey, Marekani, na umri wake ni miaka 90 hivi.

Mwaka 1929 kampuni ya Radio Corporation of America, ambayo watu walizoea kuiita RCA tu, iliinunua kampuni ya gramafoni ya Victor iliyokuwa Camden. Redio na santuri, ndugu waliokuwa wakigombea masikio ya watu wale wale, vikawekwa nyumba moja. Katika muongo uliofuata zikatoka fanicha kubwa za mbao zenye gramafoni na redio ya valvu ndani ya kabati moja. Kati ya gramafoni na redio ulipita waya wa sauti, na waya huo ulilazimika kuwa na mahali pa kufungukia, maana fundi akija kuitengeneza redio hawezi kubeba na gramafoni yake. Wahandisi wa RCA wakabuni kiunganishi cha bei ya chini kabisa: pini moja katikati, kola ya bati iliyopasuliwa pembeni ili ibane, na soketi nyepesi ambayo mashine ingeweza kuikandamiza kwa wingi.

Kiunganishi kile kilikusudiwa kukaa gizani. Kingeguswa siku ya matengenezo tu, tena na mtu aliyekwisha kuchomoa umeme. Kwa matumizi hayo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza kipi kiguse kwanza, pini au kola. Pini ndiyo inayogusa kwanza. Kwa kitambo hicho sauti ina njia ya kwenda lakini haina ya kurudi, na waya mzima unageuka antena inayookota mtetemo wa umeme wa nyumbani.

Kilichotokea baadaye ni kwamba gramafoni ilihama. Kampuni ya Columbia ilitoa santuri ndefu za mizunguko 33⅓ mwaka 1948, RCA wakajibu kwa zile ndogo za 45 mwaka 1949, na wapenda muziki wakaanza kununua gramafoni peke yake, amplifaya peke yake, spika peke yake. Waya uliokuwa ndani ya kabati ukajikuta uko nje, ukiunganisha kasha na kasha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaja sterio na soketi zikawa mbili mbili, nyekundu ikashika upande wa kulia mpaka leo. Hivyo ndivyo kitu kilichoundwa ili kisionekane kilivyopata kuwa uso wa nyuma wa kila chombo cha muziki duniani. Hakikushinda kwa ubora. Kilikuwa rahisi, na kilikuwepo.

Nina sababu ya kuanza na kisa hiki. Mtu anayejitengenezea amplifaya nyumbani hutumia miezi akichagua transista au valvu, akibishana juu ya transfoma, halafu siku ya mwisho anakimbia dukani kununua soketi za nyuma kama anayenunua misumari. Kila moja ya soketi hizo imekuja na tabia ya mahali ilikozaliwa, na tabia hiyo itamfuata mpaka ndani ya kasha lake.

Jeki ile nene ya milimita 6.35, inayochomekwa kwenye gitaa na maikrofoni za ukumbini, ni mkubwa wa ukoo. Tarehe 28 Januari 1878 mji wa New Haven, Connecticut, ulifungua kituo cha kwanza cha biashara cha kuunganisha simu, kikiwa na wateja 21. Vijana wa kiume waliokuwa wakiunganisha simu walionekana wakorofi kwa wateja, na Septemba mwaka huo huo Emma Nutt akaajiriwa mjini Boston, mwanamke wa kwanza kuifanya kazi hiyo. Wateja walipoongezeka, swichi za awali hazikutosha. Huko Chicago, Charles Scribner wa kampuni ya Western Electric, mtu aliyejizolea hataza zaidi ya 400 maishani mwake, alikuwa ametengeneza swichi iliyofanana na kisu cha kukunja. Jina la Kiingereza la kisu hicho ndilo lililotuachia neno jeki.

Plagi ya opereta wa simu ilipaswa kuingia na kutoka mamia ya mara kwa siku, kwa mkono mmoja, bila kutazamwa. Ndiyo maana ni mviringo: huhitaji kuigeuza upate upande. Ncha inashika waya mmoja, pete inashika wa pili, na shina ndilo mwili. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee alipouza vipokea sauti vya sterio vya kuvaa kichwani, ncha, pete na shina vilikuwa tayari vinamsubiri: kushoto, kulia, na njia ya kurudi. Chombo kilichokuwa masikioni mwa opereta kikarudi masikioni, safari hii kikileta muziki.

Lakini tabia ya swichibodi ya simu haikuitoka jeki. Jeki hiyo inapoingia, ncha yake inapita juu ya sehemu ambazo si zake kabla ya kufika kwake, na katika kupita huko inagusanisha waya zisizotakiwa kugusana. Kwenye simu hilo halikuua mtu. Kwenye spika inayoendeshwa na amplifaya ya transista, mguso wa nusu sekunde unaweza kuunguza transista za mwisho. Kwa hiyo jeki nene iwekwe mbele ya kasha, kwa ajili ya vipokea sauti, na kwa spika itafutiwe mbadala.

Utamaduni wa kujitengenezea amplifaya una mwaka ambao wengi huutaja. Aprili na Mei 1947 jarida la Uingereza la Wireless World lilichapisha makala ya D.T.N. Williamson, mhandisi aliyekuwa ametokea kwenye kampuni ya kutengeneza valvu ya Marconi-Osram. Alieleza amplifaya ya wati 15 ambayo upotoshaji wake wa sauti haukufika hata sehemu moja katika elfu. Enzi hizo jambo hilo lilikuwa ajabu. Alitoa kila kitu, hadi jinsi ya kuzungusha waya wa transfoma ya kutolea sauti, na watu wakajenga, Uingereza, Marekani, Australia.

Walijenga kwa mabaki ya vita. Mtaa wa Lisle, katikati ya London, ulijaa maduka yaliyouza vifaa vya redio vilivyotupwa na majeshi, na aliyekwenda kutafuta soketi alirudi na alichokikuta. Wapo waliovunja valvu zilizokufa, wakabakiza kitako chenye pini nane, wakakifanya plagi. Wapo waliotumia plagi ya antena ya Belling-Lee, ambayo ilianza katika siku za kwanza za matangazo ya BBC, karibu mwaka 1922. Msomaji wetu anaifahamu hata kama jina ni geni: ndiyo ile inayochomekwa nyuma ya televisheni kutoka kwenye antena ya juu ya paa. Ilitufikia kutoka kwa Waingereza, kwa njia ile ile iliyotuletea plagi za umeme za miguu mitatu.

Wamarekani waliufanya ufundi huo biashara. Kampuni ya Heath ya Benton Harbor, Michigan, iliuza amplifaya za aina ya Williamson zikiwa vipande ndani ya boksi, pamoja na kijitabu kinachomwongoza mnunuzi waya kwa waya. Kisha mwaka 1959 kampuni ya Dynaco ya Philadelphia ikatoa Stereo 70, wati 35 kila upande, na anayejua kulehemu aliipata ikiwa vipande kwa dola 99.95. Tazama picha yake: soketi mbili za RCA, za bati, za bei rahisi, na kwa upande wa spika safu ya skrubu tupu zilizoandikwa namba za omu. Waya wa spika unamenywa, unazungushwa kwenye skrubu, unakazwa kwa bisibisi. Hakuna dhahabu mahali popote. Nyingi zinapiga muziki hadi leo, na kila ninapoulizwa kama soketi ya bei ghali itabadilisha sauti, hii ndiyo amplifaya ninayoikumbuka.

Wajerumani walikataa fujo hiyo. Shirika lao la viwango, lile la herufi DIN, lilisimamia plagi ya duara yenye pini ndani ya kola ya chuma. Ya pini tano ilibeba sterio ya kwenda na ya kurudi katika waya mmoja, hivyo mwenye kinasa sauti alichomeka mara moja badala ya mara nne. Kola ya chuma inagusa kabla ya pini, kwa hiyo mngurumo wa Camden haupo. Kwa akili ya kihandisi hii ndiyo plagi bora kuliko RCA, na Grundig, Telefunken na Bang & Olufsen waliitumia kwa miaka mingi. Mwaka 1973 Julian Vereker alianzisha kampuni ya Naim mjini Salisbury, Uingereza, na kampuni hiyo iling'ang'ania DIN hata wenzake walipoiacha, kwa hoja kwamba waya wote wa kurudi unakutana mahali pamoja.

DIN ilishindwa kwa nini? Mwulize aliyewahi kuilehemu. Pini ni nyembamba na zimesongamana, plastiki inayozishika inalegea kwa joto, na ukichelewa sekunde mbili pini moja inainama na plagi haiingii tena. Halafu Wajapani walipoliteka soko katika miaka ya 1970, walikuja na RCA. DIN ikakimbilia kwingine: kibodi ya kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa nayo, na kinanda cha umeme chenye tundu la MIDI bado kinayo.

Kwa waya wa spika, watengenezaji wengi wa leo wanatumia vishikizo vya skrubu vyenye tundu katikati la kupokea plagi ya ndizi. Ndizi yenyewe, pini ya milimita 4 yenye tumbo la chuma chembamba linalobana, huhesabiwa kuwa kazi ya Mjerumani Richard Hirschmann, mwaka 1924. Ilikuwa mali ya maabara, ikitumika kwenye mita za kupimia umeme. Vishikizo viwili vikiwekwa kwa desturi, nafasi kati ya katikati na katikati ni robo tatu ya inchi, milimita 19.

Sasa pima plagi ndogo ya umeme ya Ulaya, ile ya miguu miwili ya duara inayokuja na chaja. Miguu yake ina unene wa milimita 4, na nafasi kati yake ni karibu milimita 19. Yaani ndizi mbili za spika zinaingia kwenye soketi ya umeme ya Ulaya bila kulazimishwa. Mtoto akiokota ncha ya waya wa spika akaichomeka ukutani, volti 230 zinakwenda kwenye spika, au mkononi mwa aliyeshika ncha nyingine. Ndiyo maana kuanzia miaka ya 1990 vishikizo vinavyouzwa Ulaya vina vizibo vidogo vya plastiki kwenye tundu la katikati, vizibo ambavyo wapenda muziki huving'oa kwa ncha ya kisu siku ile ile wanapofungua boksi.

Kwetu tunaweza kudhani tumesalimika, kwa sababu soketi zetu ni za Kiingereza, za miguu mitatu bapa, zenye vifuniko vya ndani vinavyofunguliwa na mguu mrefu wa ardhi. Kiwango hicho kilitoka mwaka 1947, mwaka wa Williamson. Lakini nani Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hajawahi kuona mtu akichokoa tundu la juu kwa kalamu ili chaja ya miguu miwili iingie? Kalamu hiyo inafungua mlango kwa chaja, na inaufungua kwa ndizi pia. Nyumba yenye watoto, waya wa spika ulehemiwe vichwa bapa vya uma, ubanwe kwa skrubu. Sauti ni ile ile.

Imebaki XLR, plagi ya studio yenye pini tatu. Ilitoka Los Angeles, ambako James H. Cannon alianzisha kampuni yake mwaka 1915. Baadaye, filamu zilipoanza kusema, studio zilihitaji viunganishi visivyochomoka maikrofoni ikiburutwa sakafuni. Kampuni ilikuwa na mfululizo ulioitwa X. Ukaongezwa kitasa cha kubana ukawa XL. Ukaongezwa mpira kuzunguka matundu ya jike ukawa XLR. Pini namba 1, ya ardhi, inagusa kwanza. Pini 2 na 3 zinabeba sauti ile ile, moja ikiwa kinyume cha nyingine, na mvumo unaookotwa njiani unaziingia zote mbili sawasawa kisha unafutika mwishoni. Hiyo ni hila ya waya wa simu, imevaa suti. Mpaka miaka ya 1990 baadhi ya Wamarekani walitumia pini 3 pale watu wa Ulaya walipotumia 2, na anayenunua kifaa cha zamani cha studio apime kabla ya kuamini.

Hapa ndipo historia inapogeuka kuwa suala la kutoboa bati. Mwaka 1995 Neil Muncy alichapisha makala katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti, akionyesha kwamba vifaa vingi vya gharama kubwa vinavuma kwa kosa moja: pini namba 1 imepelekwa kwenye bodi ya mzunguko badala ya kufungwa moja kwa moja kwenye kasha. Takataka zote za umeme zilizookotwa na ganda la waya zinaingizwa sebuleni, ndani kabisa, badala ya kuachwa mlangoni. Watu walikuwa wakibadilisha waya, wakinunua vichujio, wakilaumu umeme wa mtaa, kumbe ni waya wa sentimita chache uliopelekwa siko. Mwaka 2005 chama hicho kiliweka kiwango, AES48, kinachosema ganda lifungwe kwenye kasha. Ukifunga XLR, basi, kwangua rangi pale soketi inapokalia bati, chuma kiguse chuma, na pini 1 iende hapo kwa waya mfupi kuliko wote.

RCA inataka karibu kinyume chake, na hilo ndilo lililonitesa. Amplifaya yangu ya kwanza niliipigia kasha la alumini, nikatoboa matundu ya nyuma kwa keekee, nikayasawazisha kwa tupa ya duara, nikazikaza soketi nne kwa nati mpaka zikalia. Nilipowasha, ikavuma. Nikageuza transfoma. Nikabadilisha kapasita. Nikahamisha waya za umeme upande wa pili. Wiki tatu zikapita. Ndani ya mfuko wa plastiki zilikotoka soketi zilikuwa zimebaki washa nane ndogo za plastiki, zenye bega, ambazo nilidhani ni za ziada. Kazi yake ni kuitenga kola ya RCA na bati. Kola hiyo si ganda peke yake. Ndiyo njia ya sauti kurudi. Ikigusa kasha hapa, na mzunguko ukagusa kasha kule, umeme wa ardhi unapata duara la kuzunguka na sauti yako inabeba mvumo wake. Nilizirudisha washa, nikaunganisha ardhi ya mzunguko na kasha mahali pamoja tu, mvumo ukakatika. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa limefungwa ndani ya mfuko nilioutupa kwenye droo.

Mengine ni ya mkono. Soketi za kuingizia sauti zikae mbali na tundu la umeme, kila kimoja pembe yake ya kasha. Tundu likitobolewa duara kamili, soketi itazunguka siku utakapoikaza plagi, na waya utakatika ndani. Tobo lenye upande mmoja bapa, au washa yenye meno, huzuia hilo. Kabla ya kulehemu RCA, chomeka plagi kuukuu ndani yake ishike pini ya katikati, maana plastiki ikilainika pini inahama na hutaiona mpaka ikatae plagi nzuri. Soketi yenye tefloni nyeupe ndani inavumilia joto kuliko ya plastiki nyeusi.

Kuhusu dhahabu, tuwe wakweli. Tangu Noel Lee aanzishe Monster Cable huko California mwaka 1979, rangi ya dhahabu imekuwa tangazo. Dhahabu haipitishi umeme vizuri kuliko shaba. Ubora wake ni kwamba haishiki kutu. Kwa anayekaa Unguja, Lamu au Tanga, penye hewa ya chumvi, hiyo ni hoja nzito, maana nikeli na bati huko hupata ukungu mapema. Kwa anayekaa Dodoma hoja ni nyepesi zaidi. Ila baadhi ya dhahabu ya madukani ni unyunyu juu ya chuma cha kawaida. Nenda na sumaku ndogo mfukoni. Soketi ikiivuta, iache hapo hapo.

Kwa kasha la nyumbani, hukumu yangu ni hii: RCA za kutengwa kwa washa, vishikizo vya skrubu kwa spika, jeki moja mbele kwa vipokea sauti, na XLR pale tu ambapo mzunguko wako wa ndani una pande mbili za kweli, vinginevyo ni pambo. Na kabla hujachomeka umeme kwa mara ya kwanza, fungua kile kiungo kimoja cha ardhi na kasha, weka mita kati ya kola ya kila RCA na bati. Ikilia, kuna washa uliyoisahau.